Viza ya masomo: maana yake, na kwa nini barua ya chuo peke yake haitoshi

Siku barua ya chuo inapoingia kwenye simu, nyumba nzima huwa kama imeshapanda ndege. Shangazi wanapigiana simu, mchungaji anaiombea safari Jumapili, na tayari kuna mtu anauliza ndege inaruhusu kilo ngapi. Nimeyaona hayo kwetu Kayole, mpwa wangu alipopata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza. Nikaona pia nyuso zilivyobadilika wiki mbili baadaye, alipoketi kusoma masharti ya viza. Wengi wetu hudhani chuo kikishakukubali, nchi nayo imekukubali. Hapana. Hao ni wenyeji wawili, na kila mmoja ana mlango wake.

Viza ya masomo ni ruhusa ambayo serikali ya nchi nyingine humpa mgeni aende huko kwa shughuli moja, kusoma, katika chuo kilichotajwa na kwa muda uliotajwa. Chuo kinapima kama utayaweza masomo. Afisa wa viza anatafuta mengine: kama kweli unaenda kusoma, nani atalipa, na muda ukiisha utafanya nini. Karibu kila karatasi utakayoombwa, hata ile inayoonekana ya kukusumbua tu, inajibu mojawapo ya maswali hayo. Ukilielewa hilo, orodha ya nyaraka haitakutisha tena.

Kwanza tutenganishe maneno yanayochanganywa. Viza hukuwezesha kufika mpakani na kuomba kuingia, na ruhusa ya kukaa mara nyingi ni kitu kingine. Canada, kwa mfano, hutoa kibali cha masomo kinachokuruhusu kusoma na kukaa, pamoja na viza ya kuingilia nchini. Ujerumani hukupa viza ya kuingia, kisha ukishapata makazi unakwenda ofisi ya wageni ya mji ule kuchukua kibali cha ukaazi. Marekani hubandika viza ya wanafunzi, iitwayo F-1, kwenye pasipoti, lakini afisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua kukupitisha, na hutaruhusiwa kuingia mapema zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu yako. Uingereza siku hizi haiwabandikii stika wanafunzi wengi. Ruhusa yao inakaa kwenye mfumo wa kompyuta, na wanaifungulia akaunti. Hata hapa jirani mambo yana sura hiyo hiyo. Mkenya anayekwenda Makerere haombi viza, anavuka mpaka hata kwa kitambulisho, lakini akifika anachukua pasi ya mwanafunzi.

Swali la kwanza, kama wewe ni mwanafunzi kweli, linajibiwa na chuo chenyewe, ila si kwa ile barua ya pongezi. Kila nchi ina hati yake maalumu. Chuo cha Marekani hukutumia I-20, fomu inayothibitisha udahili wako na gharama zake, na ni chuo kilichosajiliwa na serikali tu kinachoweza kuitoa. Cha Uingereza hukupa namba ya CAS, yaani ya uthibitisho kwamba chuo kimekupokea, ambayo lazima uitumie ndani ya miezi 6. Canada, tangu Januari 2024, imeongeza barua ya uthibitisho kutoka serikali ya jimbo kwa wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza, kwa sababu nchi hiyo imeweka kikomo cha idadi ya wanafunzi wa kigeni. Kama unayekusaidia anakuonyesha barua ya udahili tu na hataji hati hizi, mwulize. Akikwepa, jihadhari na pesa zako.

Sasa fedha. Hapa ndipo familia nyingi za Nairobi hukwama, na mara nyingi si kwa sababu pesa hazipo. Zipo, ila hazikukaa namna sheria inavyotaka zikae.

Kwetu karo hulipwa na ukoo. Mjomba anatoa kidogo, chama cha mama kinatoa, sako inakopesha, kanisa linafanya harambee, na kilichobaki kinatumwa kwa M-Pesa usiku wa mwisho. Ni utamaduni mzuri, na si wa jana. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda Marekani kwa ndege iliyopatikana kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, na familia na vijiji vyao vilikuwa vimechanga. Lakini afisa wa viza anasoma taarifa ya benki, na taarifa ya benki haijui mjomba ni nani. Anachoona ni akaunti iliyokuwa na shilingi 3,000 mwezi wa tano, halafu mwezi wa sita ikawa na milioni mbili. Atauliza zimetoka wapi, na asipopata jibu kwenye karatasi atajijibu mwenyewe.

Uingereza ndiyo iliyoandika sharti hili kwa ukali zaidi. Unatakiwa uonyeshe karo ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa, pamoja na gharama za kuishi kwa muda usiozidi miezi 9. Kiwango kilichoanza Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisomea London, na pauni 1,171 nje ya London. Kwa London hiyo ni jumla ya pauni 13,761, bila kuhesabu karo. Fedha hizo lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isiwe imepita siku 31 kabla ya kutuma maombi. Akaunti iwe yako, au ya mwenzi wako, au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria. Ikiwa ni ya mzazi, unaambatisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali. Akaunti ya mjomba haihesabiwi, hata awe na upendo na mali kiasi gani.

Dada yangu, mama yake huyo mpwa, anauza mitumba Gikomba. Fedha zote zilikusanywa kwenye akaunti yake, na jikoni kulikuwa na kalenda ya duka ambayo kila jioni aliifuta siku moja kwa kalamu nyekundu. Alifika siku ya 19. Asubuhi iliyofuata mwenye nyumba akaja kudai kodi, naye akatoa shilingi 12,000, akijua atazirudisha jioni baada ya soko. Alizirudisha kweli. Lakini kwa saa chache salio lilikuwa limeshuka chini ya kiwango, na siku hiyo ilikuwa imeingia kwenye taarifa. Hesabu ikaanza upya kutoka siku ya kwanza. Nakumbuka alivyokaa akiitazama ile mistari myekundu, kama amemkosea mtoto wake. Hakuwa amekosea lolote. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba hata saa chache zinahesabiwa. Ndiyo maana nalisema hapa kwa kirefu. Weka zaidi ya kiwango, kwa sababu shilingi nayo hupanda na kushuka dhidi ya pauni, halafu iache akaunti hiyo ilale.

Nchi nyingine zina njia zao. Ujerumani inapenda akaunti iliyofungwa: unaweka yuro 11,904 za mwaka mzima kabla ya kuondoka, na ukishafika benki inakuachilia 992 kila mwezi. Kwa mzazi hilo linatisha, kutoa fedha zote kwa mkupuo, lakini nakiri kwamba ni mpango ulio wazi kuliko mwingine wowote: ukiwa na cheti cha akaunti hiyo, mjadala wa fedha umekwisha. Mwenye ufadhili unaotosha haihitaji. Canada inataka dola zake 22,895 za kuishi mwaka mmoja kwa mtu asiye na familia, juu ya karo na nauli. Marekani haina kiwango kimoja cha nchi nzima. Kila chuo huandika gharama zake kwenye I-20, na wewe unaonyesha utakavyozilipa walau mwaka wa kwanza. Hapo mjomba anaweza kuwa mdhamini, mradi aonyeshe kazi yake na kipato chake, na wewe uweze kueleza kwa nini anakulipia.

Usiweke tumaini kwenye "nikifika nitafanya kazi". Wanafunzi wengi wa shahada Uingereza huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani ni saa 20 pia, na ndani ya eneo la chuo. Canada ni saa 24 nje ya chuo. Kazi hizo hununua chakula, hazilipi karo, na afisa analijua hilo kuliko wewe.

Swali la tatu, utafanya nini masomo yakiisha, ndilo linaloumiza mioyo zaidi, hasa Gigiri kwenye ubalozi wa Marekani. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamchukulia mwombaji wa viza ya aina hii kuwa anakusudia kuhamia, mpaka athibitishe kinyume. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Mahojiano yenyewe ni mafupi, umesimama mbele ya kioo, dakika chache tu. Kwa nini chuo hiki? Nani analipa? Utarudi kufanya nini? Vijana huenda na faili nene na hawaulizwi hata karatasi moja, kwa sababu afisa anasikiliza kama mtu huyu anaijua safari yake. Aliyekariri majibu ya ajenti hujulikana kwa sentensi ya pili. Anayeweza kusema kwa maneno yake kwamba anataka kusomea usimamizi wa maji kwa sababu amekulia Kitui na ameona visima vikikauka, huyo anasikika.

Ukinyimwa kwa kifungu hicho hakuna rufaa, lakini pia hujafungiwa. Unaweza kuomba tena, kwa ada mpya, na ni busara usubiri mpaka uwe na jambo jipya la kueleza. Uingereza ina nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 28, ikiwa unaamini afisa alikosea.

Jambo ambalo halisameheki kirahisi ni uongo. Wapo watu mjini wanaouza taarifa za benki, barua za kazi, hata wazazi wa kukodi, na bei yao huonekana ndogo ukilinganisha na milioni mbili usizokuwa nazo. Benki hupigiwa simu. Vyeti vya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huthibitishwa. Ukigunduliwa, Canada inaweza kukuzuia miaka 5, Uingereza miaka 10, na Marekani inaweza kukufungia maisha. Kijana wa miaka 19 anapoteza hayo yote kwa karatasi iliyochapishwa saiba kwa dakika kumi. Inaniuma kila ninaposikia kisa kama hicho, kwa sababu mara nyingi mtoto mwenyewe hata hakujua ajenti ameweka nini kwenye faili.

Nyaraka nyingine nazipitia haraka. Pasipoti inaombwa eCitizen na alama za vidole zinachukuliwa Nyayo House au ofisi nyingine za uhamiaji. Usisubiri barua ya chuo ndipo uanze. Uingereza inataka Mkenya anayekwenda kwa zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu, na cheti chake kinatumika miezi 6. Kuhusu mtihani wa lugha ya Kiingereza, Kenya haimo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi zinazosamehewa mtihani, ila vyuo vingi huruhusiwa kupima wenyewe na baadhi hukubali alama yako ya KCSE, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia mtihani kama IELTS. Majina nayo yasome herufi kwa herufi. Mohamed wa cheti cha kuzaliwa na Mohammed wa pasipoti ni watu wawili kwa macho ya kompyuta, na hati ya kiapo kutoka kwa wakili ni bora iwemo kabla hujaulizwa.

Ada za maombi hazirudishwi ukinyimwa. Marekani ni dola 185 za maombi na nyingine 350 za mfumo wa kuwafuatilia wanafunzi, karibu shilingi 69,000 kwa pamoja. Uingereza, juu ya ada ya viza, hutoza pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu, ingawa hizo hurudishwa maombi yakikataliwa.

Ukishapata viza, hati zako zisiingie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Mpwa wangu alizibeba mkononi kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, kwenye faili la plastiki la kijani: barua ya chuo, anwani ya makazi, cheti cha kifua, na ile taarifa ya benki ya mama yake, ingawa hakuna aliyemwambia aibebe. Kule Heathrow afisa alimwuliza mambo mawili tu, anakwenda kusomea nini na katika chuo gani.