Taa ya Jirani Machoni pa Rubani: Kwa Nini Tunapeleka Notisi

Tangu tuanze kupeleka notisi za kuzima au kufunika taa kwa majirani wa kiwanja cha ndege, simu za malalamiko zimeongezeka. Wengi wanauliza kwa upole: taa ya duka langu inaidhuru vipi ndege iliyo huko juu? Ni swali la haki. Wapo pia wanaosema tunawaonea, kwamba siku hizi rubani anatua kwa kompyuta wala haangalii nje. Hilo si kweli, na linachosha kulisikia kila wiki. Mitambo inamleta rubani hadi karibu. Hatua ya mwisho, kwa ndege nyingi zinazotua kwetu, anaimaliza kwa macho yake, na usiku macho hayo hayana pa kushika isipokuwa kwenye taa.

Taa hizo anazisoma kwa rangi na kwa mpangilio. Mstari wa kijani uliokatiza upana wa njia ya kurukia na kutua ndege ni kizingiti, maana yake lami inaanzia hapo. Taa nyeupe kushoto na kulia, kila moja isiyozidi mita 60 kutoka inayofuata, ni kingo. Kwenye njia ndefu, mita 600 za mwisho zinageuka kuwa njano kumwonya kwamba lami inakwisha, na nyekundu ndiyo ukomo. Za bluu ni kingo za njia ambazo ndege hupita kwenda na kutoka maegeshoni. Hazina uhusiano wowote na polisi.

Pembeni mwa njia, jirani na mahali magurudumu yanapogusa chini, kuna visanduku vinne tunavyoviita papi. Kila kimoja kinatoa mwanga mweupe kwa juu na mwekundu kwa chini, na vimetegwa kwa pembe zinazotofautiana kidogo. Rubani akiona viwili vyeupe na viwili vyekundu, anajua anashuka sawasawa, kwa kawaida nyuzi 3. Vyote vyeupe, yuko juu mno. Vyote vyekundu, yuko chini mno, na hapo hana muda wa kujiuliza.

Malalamiko kwamba tunachoma umeme kwa kuwasha papi saa sita mchana naomba yaishe. Papi inatumika mchana na usiku. Tena kisanduku kilichopoa alfajiri hushika umande kwenye kioo, na umande huo huchanganya nyekundu na nyeupe, rubani akaonyeshwa rangi ambayo si ya mahali alipo. Nimechuchumaa mbele ya visanduku hivyo saa kumi na moja alfajiri na kitambaa mkononi, nikifuta kioo kimoja kimoja. Msimu wa mvua nabandua mabawa ya kumbikumbi, maana usiku mmoja tu wanatosha kukiziba kioo. Hatufanyi hivyo kwa mazoea. Tukiacha, papi inasema uongo.

Sasa turudi kwenye taa yako. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao nchi yetu ni mwanachama wake, kinataka taa yoyote jirani na kiwanja inayoweza kuhatarisha ndege izimwe, ifunikwe au irekebishwe. Kwa viwanja vikubwa kinataja mita 4,500 kutoka kila mwisho wa njia, na mita 750 kila upande wa mstari wa kati, kuwa eneo la kuangaliwa kwa makini. Kwa njia kuu ya kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, yenye urefu wa mita 4,600, hapo unagusa mitaa ya Kiwalani na Vingunguti upande mmoja na Kipunguni upande wa pili. Ndege kubwa ikiwa mita 4,500 kutoka kizingiti iko juu kama mita 250 tu, na imebakiza takribani dakika moja kutua.

Kuna ukumbi wa sherehe tuliowahi kuukagua, jina nalihifadhi. Mwenyewe alifunga mkanda wa taa za kijani ukingoni mwa paa, na uani akapanga nguzo za taa nyeupe mistari miwili iliyonyooka. Ukisimama chini ni pambo zuri kabisa. Tulipopanda juu ya tangi la maji la jirani usiku, nilichokiona ni kizingiti na kingo zake. Mzee yule aliposimama pale mwenyewe alinyamaza, kisha akamwita fundi wake. Mkanda ulibadilishwa rangi, nguzo zikavishwa vifuniko vya bati vinavyoelekeza mwanga chini. Sherehe zinaendelea.

Utaratibu wa notisi uko hivi. Inapelekwa kwa anayeishi mahali hapo au anayeisimamia taa, kwa hiyo mpangaji hawezi kuikataa kwa sababu mwenye nyumba amesafiri. Asipopatikana mtu, inabandikwa mahali panapoonekana karibu na taa hiyo, na inahesabika imepokelewa. Notisi inataja taa ipi, kosa lake ni nini, kinachotakiwa kufanyika na mwisho wa muda. Kuichana hakusimamishi siku. Muda ukipita bila utekelezaji, maofisa wanaweza kuingia na kuizima au kuifunika wenyewe, na shauri likaenda mahakamani, ambako ni faini au kifungo.

Kwa tochi za leza hatupeleki notisi. Kumulika rubani ni jinai moja kwa moja. Wazazi wanaoniambia ni kamchezo ka watoto wajue hili: mwale ule unatanuka kadiri unavyokwenda, na ukigonga kioo cha mbele, kioo kizima kinawaka kijani. Rubani haoni tena papi wala kizingiti, na ana watu nyuma yake. Eneo la tahadhari ya leza linafika kilomita 18.5 kutoka kiwanjani, hivyo kuishi mbali si utetezi.

Anayetaka kufunga bango la kielektroniki, taa za uwanja wa mpira au mapambo ya ukumbi ndani ya maeneo niliyoyataja aje ofisini na mchoro unaoonyesha mahali, urefu kutoka ardhini, rangi na upande taa inakoelekea. Aje kabla fundi hajanunua vifaa.