Umechomoa plagi lakini volti bado zipo

Mafundi wengi wa TV hii imeshawakuta, umechomoa plagi, hakuna waya unaogusa ukuta, unashika bodi ya pawasaplai, ile inayoilisha TV umeme, na unapigwa shoti mpaka mkono unaruka. Mimi ilinipata nikiwa najifunza ufundi, kabla hata sijaenda kusomea fizikia, nikakaa muda mrefu sijui ule umeme ulitoka wapi.

Ulitoka kwenye kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme. Umeme wa nyumbani tunaita volti 230, ila kilele cha wimbi lake kinafika kama 325, na dayodi, vifaa vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zikishaugeuza kuwa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, ile kapasita kubwa inajaa mpaka hapo hapo kwenye kilele na inabaki imejaa.

Wengi wanachanganya chaji na volti. Chukua tanki la maji: maji ndio chaji, kimo cha maji ndio volti, upana wa tanki ndio zile maikrofaradi zilizoandikwa ubavuni mwa kapasita. Tanki pana linameza ndoo nyingi kimo kikapanda kidogo tu, jembamba ndoo mbili limefika juu. Q = CV ndio hiyo, Q ni chaji, C ni upana, V ni volti.

Sasa ile nusu kwenye ½CV², kanuni ya nishati iliyomo kwenye kapasita, wanafunzi wanaikariri tu na inaniuma kweli. Ukilijaza tanki kwa chini, ndoo ya kwanza haikupi kazi, ya mwisho lazima uisukume mpaka juu kabisa, kwa hiyo ukipiga wastani kila ndoo umeipandisha nusu ya kimo. Na chaji ni hivyo hivyo, ya kwanza inaingia bure, za nyuma zinasukumwa na wenzao waliotangulia.

Halafu angalia volti zimepigwa kipeo cha pili. Kapasita ya maikrofaradi 100 ikiwa na volti 12 ina jouli 0.0072, huisikii. Hiyo hiyo ikiwa na volti 325 ina jouli 5.3, sawa na kunyanyua kilo ya sukari nusu mita na zaidi kidogo, na nyingi inapita mkononi kabla hujauvuta!

Bodi nyingi zina risista, kifaa kinachozuia umeme usipite kwa kasi, ya kuimwaga chaji polepole ila kwenye TV mbovu huenda hiyo risista ndio imekatika. Usipige shoti na bisibisi, cheche zake zinaweza kuua kapasita yenyewe. Chukua risista ya omu 10,000, wati 5, ishike kwa koleo yenye mpira, gusisha miguu yote miwili ya kapasita, hesabu sekunde 5 au zaidi, zisipungue hapo, kisha pima na mita. Ya maikrowevu inapita volti 2000, hiyo kama hujafundishwa usifungue kabisa.