Miaka 50 ya Mwambao: Yaliyomo Ndani ya Barua za 1963

Kila ikikaribia Oktoba, simu yangu huanza kujaa. Ujumbe ni ule ule, picha tu ndiyo hubadilika: mara ni bendera nyekundu ya Sultani juu ya Fort Jesus, mara ni ramani ya pwani iliyopakwa rangi, mara ni Mzee Kenyatta. Chini pameandikwa kwamba mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ulikodishwa kwa Kenya mwaka 1963 kwa miaka 50, na kwamba muda huo uliisha 2013. Wanaonitumia ni watu wangu: wanafunzi, jamaa wa Kibokoni, wazee wa Likoni. Wote wauliza swali moja: "Maalim, hii ni kweli?"

Kazi yangu ni kusoma na kufundisha historia ya mwambao, na jibu langu ni kwamba hakuna mkataba wa aina hiyo. Lakini siwezi kukomea hapo. Mikataba ya kweli ipo, ina tarehe na sahihi, na yaliyomo ndani yake yanatuhusu zaidi kuliko huu uvumi. Kinachoniuma ni kuona vijana wenye hasira ya haki kabisa wakishikilia karatasi isiyokuwapo, na ile iliyopo hawajaisoma.

Tuanze na hiyo 50, kwa maana ina asili yake. Tarehe 24 Mei 1887, Sultan Barghash wa Zanzibar aliwapa mfanyabiashara William Mackinnon na wenzake haki ya kutawala na kukusanya ushuru kwa jina lake kutoka Vanga hadi Kipini, kwa muda wa miaka 50. Mwaka uliofuata ushirika huo ukapata hati ya kifalme kutoka Uingereza, ukawa Imperial British East Africa Company, ukaketi hapa Mombasa. Wajerumani nao walipewa kibali kama hicho kwa pwani ya kusini mwaka 1888, nacho pia kilikuwa cha miaka 50. Kwa hivyo hesabu ya 50 ni ya Barghash na kampuni, si ya Kenyatta. Na haikufika mwisho wake: kampuni ilishindwa kujiendesha, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikailipa iondoke.

Malipo hayo yana kisa ambacho sijawahi kukiona kikisambazwa, nami naona ndicho kinachostahili. Mwaka 1890 Wajerumani walikuwa wameinunua moja kwa moja ile pwani yao, kutoka mto Ruvuma hadi mto Umba, kwa mark milioni 4, yaani kama pauni 200,000. Fedha hizo zilikuwa za Sultani, lakini zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Ilipofika siku ya kuilipa kampuni pauni 250,000, pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fungu hilo la Sultani. Kisha ukaja mkataba wa 14 Desemba 1895 kati ya Uingereza na Sultan Hamed bin Thuwaini: Waingereza wautawale mwambao, wamlipe pauni 11,000 kwa mwaka, na juu yake riba ya asilimia 3 ya zile pauni 200,000, ambayo ni pauni 6,000. Jumla pauni 17,000. Thamani ya Dar es Salaam na Tanga ndiyo iliyotumika kuiondoa kampuni Mombasa, na mwenye mali akalipwa riba ya fedha zake mwenyewe. Wakati huo huo Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa vitani na Waingereza kwa kutokubali utawala huo. Mwaka 1896 alivukia upande wa Wajerumani na hakurudi tena.

Mkataba huo wa 1895 haukuwa na tarehe ya kuisha. Ulisema wazi kwamba enzi ya Sultani inabaki, na Waingereza ni watawala kwa niaba yake. Ndiyo maana mwaka 1920, bara ilipofanywa koloni, mwambao ulibaki na hadhi yake kama himaya. Jina kamili la nchi likawa Koloni na Himaya ya Kenya. Tulikuwa na maliwali na mamudiri, yaani maafisa wa utawala, na makadhi, na bendera nyekundu ilipepea pale Fort Jesus, ndani ya jengo ambalo Waingereza walilifanya jela hadi 1958. Basi ukitumiwa picha ya bendera hiyo, picha ni ya kweli. Shida ni maneno yaliyobandikwa chini yake.

Ramani ndizo zina makosa zaidi. Eneo la Sultani lilipimwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886: maili 10 za baharini kutoka ufukweni, kama kilomita 18 na nusu. Kaskazini lilikomea Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Voi haimo, Taveta haimo, Hola haimo. Ile ramani inayochukua Mkoa wa Pwani wote mpaka Mtito Andei haitokani na mkataba wowote.

Sasa tufike 1963. Miaka miwili kabla yake, Sir James Robertson, aliyekuwa amemaliza kazi ya Gavana Mkuu wa Nigeria, alitumwa kuwasikiliza watu wa pwani. Wazee wetu hawakuwa na kauli moja. Wafuasi wa vuguvugu la Mwambao, wengi wao Waarabu na Waswahili wa miji ya pwani, walitaka mwambao ujitawale au urudi Zanzibar. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kilitaka majimbo, yaani mikoa yenye serikali zake, ndani ya Kenya. Chama cha KANU kilitaka nchi moja chini ya serikali moja. Ripoti ya Robertson ya Desemba 1961 ilipendekeza mkataba wa 1895 ufutwe na mwambao uunganishwe na Kenya, kwa masharti ya kuwalinda wenyeji.

Masharti hayo ndiyo yaliyomo katika barua zilizoandikwa tarehe 5 Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Siku tatu baadaye, tarehe 8 Oktoba, Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar walitia sahihi London kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, mwambao utakoma kuwa milki ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya, na mkataba wa 1895 utakoma kufanya kazi. Hapana neno la kukodisha, wala hapana idadi ya miaka. Aliyekuwa amekodi mwambao kwa Sultani alikuwa Mwingereza, na ukodi wake uliishia hapo.

Barua zina ahadi tano. Ya kwanza ni uhuru wa dini na kulindwa kwa majengo na taasisi za Waislamu. Ya pili ni mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Hii iliingia katika katiba ya uhuru na leo iko katika Kifungu cha 170 cha katiba ya 2010. Waliokuwa wakipiga kelele wakati wa kura ya maoni ya katiba hiyo kwamba mahakama za kadhi ni jambo jipya waliletewa mjadala bila barua hizi. Ya tatu ni kwamba maafisa wa utawala katika maeneo yenye Waislamu wengi wawe Waislamu, na ya nne ni watoto wa Kiislamu kufundishwa Kiarabu. Hizi mbili ziliwekewa kizuizi pale pale: kadiri itakavyowezekana. Mwenye kuahidi hivyo amejiachia mlango.

Ahadi ya tano ndiyo ningependa isomwe kwa sauti kila baraza, kuanzia Vanga hadi Faza. Inasema hatimiliki za ardhi za pwani zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa siku zote, na mwenye ardhi akinyang'anywa kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili na kwa haraka. Ukiisoma haraka utaona ni ngao ya Mpwani. Uliza basi: mwaka 1963 hatimiliki hizo zilikuwa za nani?

Zilitokana na sheria ya ardhi ya 1908. Chini ya sheria hiyo, mwenye kudai ardhi ndani ya mwambao alitakiwa apeleke madai yake na kuthibitisha, na ile isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kifalme. Walioweza kupita mlango huo walikuwa hasa familia za Kiarabu na za Kiswahili zenye nyaraka, na matajiri wa Kihindi walionunua kwao. Mmijikenda ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, na watu waliotoka utumwani wakaendelea kulima pale pale, hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha afisa. Wakaitwa maskwota juu ya ardhi waliyozikiana. Ahadi ya tano ikaja ikaufunga mgawanyo huo kwa kufuli ya uhuru. Kwa hiyo barua ile ile inayobebwa mitandaoni kama silaha ya Wapwani wote ilimlinda mwenye shamba, na mkulima wa Kilifi au Kwale aliyekuwa ndani ya shamba hilo hakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Na aliyeandikiwa ahadi hakudumu. Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963, Kenya 12 Desemba, na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiangusha serikali ya Shamte. Sultan Jamshid alikimbia kwa meli akitaka kushuka Mombasa, mji uliopeperusha bendera yake mwezi mmoja tu nyuma, na Kenya ikamkatalia. Majimbo yalivunjwa mwaka huo huo wa 1964. Upande uliopaswa kudai ahadi zitimizwe ukawa haupo tena.

Kwa hiyo anayenitumia ule ujumbe wa miaka 50 nami namrudishia ahadi ya tano, na kumuuliza familia yake ilisimama upande gani wa hatimiliki mwaka 1908. Baadhi yao wamekwenda kuuliza nyumbani, wakarudi na majina ya mashamba, ya mabibi na mababu, na ya wenye hati ambao hawakuwahi kuwaona. Hayo ndiyo ninayoyakusanya sasa.