Kiongozi wa Kazini Hujulikana Anapoletewa Habari Mbaya

Mtunza stoo anabisha hodi kwa mkuu wake saa tatu asubuhi, leja mkononi. Katoni kumi na mbili hazionekani. Hajui kama zilitoka bila hati au zilihesabiwa vibaya tangu siku zilipopokelewa. Angeweza kunyamaza mpaka wakaguzi waje wazigundue wenyewe, lakini amekuja.

Dakika inayofuata ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Nimefanya kazi za utumishi na kufundisha wasimamizi kwa miaka mingi. Nikiulizwa kiongozi bora kazini awe mtu wa namna gani, wanaouliza hutarajia niwatajie maono, ujasiri na ufasaha wa kusema mbele za watu. Sizikatai sifa hizo. Ila nimeona wakuu waliokuwa nazo zote, na idara zao zikaoza polepole kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyethubutu kuwaambia jambo lisilopendeza. Kwa hiyo sifa ninayoitanguliza ni moyo wa kupokea habari mbaya bila kumgeukia aliyeileta.

Mkuu akifoka, "Ulikuwa wapi siku zote?", hasara yake haiishii kwenye katoni. Kabla ya saa ya chai, masijala na madereva watakuwa wameshasikia kwamba kwa bosi hakuendwi na tatizo. Tangu hapo ataletewa taarifa moja tu, "Mambo yako sawa, mzee," na ukimya ule ataudhania kuwa ni amani.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya malezi. Kijana aliyefunzwa adabu nyumbani hampingi mtu mzima hadharani, hata akimwona anakosea. Adabu hiyo naipenda na simwombi mtu aiache. Ninachosema ni kwamba kuufungua mlango ni jukumu la mkubwa. Shikamoo anayoamkiwa asubuhi ni heshima, haina maana kwamba aliyeitoa anakubaliana naye katika kila jambo. Mkuu mwenye unyenyekevu hulijua hilo, na ndiyo maana kikaoni haulizi "Kuna mwenye tatizo?", swali ambalo jibu lake daima ni vichwa kutikiswa. Huuliza, "Wiki hii tumekwama wapi?", kisha huanza na lake: "Barua ya wazabuni ilikaa mezani kwangu siku nne. Hilo ni kosa langu." Nimeona vikao vikibadilika kwa sentensi ya namna hiyo. Havibadiliki siku hiyo hiyo. Huwa wiki ya tatu au ya nne, watu wakisharidhika kwamba si mtego.

Wapo wanaodhani ninahubiri ulegevu. Nilipokuwa afisa mchanga nilikosea hesabu za likizo za watumishi, na baadhi yao wakaandikiwa siku pungufu. Mkuu wangu wa kitengo, mama mmoja mtaratibu sana, aliniambia niketi, akavuta kikokotoo, tukapitia faili moja baada ya jingine mpaka jioni. Kazi ilipokwisha kurekebishwa ndipo akaniandikia onyo, akanisomea na kunieleza sababu yake. Sikuona nimeonewa. Kosa langu la pili nilimpelekea mwenyewe, nalo lilikuwa bado dogo.

Utaratibu wake unaendana na sheria. Kwa Tanzania Bara, waajiriwa walio chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hawaachishwi kazi bila sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike tena. Anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu hupewa muda wa kujiandaa, usiopungua saa 48. Ninapofundisha huwa naikazia sana idadi hiyo ya saa. Inamlinda mfanyakazi, na inamlinda mkuu dhidi ya hasira yake mwenyewe. Anayemfukuza mtu papo hapo mbele ya wenzake hujikuta akijieleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko kilichompandisha hasira hakimsaidii.

Sifa inayofuata ni ngumu zaidi: kulibeba kosa la walio chini yako. Katikati ya miaka ya 1970, watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola katika msako uliofanyika upande wa Shinyanga na Mwanza. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakushiriki katika mateso yale. Alijiuzulu kwa sababu waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Msimamizi wa zamu au mkuu wa kitengo hatarajiwi kujiuzulu kwa kila fomu iliyopotea. Anachoweza kufanya ni kusema juu kwa wakubwa wake, "Hili limetokea kwangu," badala ya kutaja jina la karani. Walio chini huwa wanasikia, hata mlango ukiwa umefungwa.

Uchovu nao ni habari mbaya, ila haujiandikishi kwenye leja. Sheria inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na inadai malipo ya saa za ziada, lakini mfanyakazi anayemwogopa mkuu wake hatasema kwamba hajapumzika. Atasema yuko tayari, kisha atakosea.

Kuhusu uadilifu nitasema machache, maana unajulikana. Anayesaini kitabu cha mahudhurio saa moja na nusu ilhali amefika saa tatu amejinyima haki ya kumuuliza mtu mwingine yeyote alichelewa wapi.

Shida ni kwamba mara nyingi tunampandisha cheo fundi hodari kuliko wote, kana kwamba ustadi wa mikono unakuja na subira. Ninapoombwa ushauri kuhusu nani apewe kitengo, huenda kwa waliofanya kazi chini ya mtu huyo nikawauliza: mara ya mwisho ulimpelekea kosa lako lini, na ulipotoka ofisini kwake ulijua unakwenda kufanya nini? Baadhi hujibu mara moja, wakataja siku na hata saa. Wengine hutazama chini, wakasema hawajawahi kumpelekea.