Asilimia ya Chupa na Kilo za Mnyama: Maswali ya Wafugaji wa Goma

Chupa ya ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa mifugo, imeandikwa 1%. Maana yake ni nini?

Maana yake ni kwamba kila mililita 100 za dawa hiyo zimebeba gramu 1 ya ivamektini, yaani miligramu 1,000, na kwa hiyo mililita moja ina miligramu 10. Ukitaka kupata miligramu zilizomo katika mililita moja, zidisha asilimia kwa 10. Lebo nyingine hutaja gramu kwa lita, na hapo hakuna cha kuzidisha, kwa kuwa gramu 10 kwa lita ni sawasawa na miligramu 10 kwa mililita.

Ndama wangu ana kilo 100. Nimdunge kiasi gani?

Dozi ya ivamektini kwa ng'ombe ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, hudungwa chini ya ngozi. Zidisha 0.2 kwa 100 upate miligramu 20, kisha gawanya kwa 10 zilizomo katika kila mililita: jibu ni mililita 2. Makosa makubwa hutokea katika hatua ya mwisho, pale mtu anapoona "20" na kuvuta mililita 20, ambazo ni mara kumi ya dozi. Mnyama aliyezidishiwa sana hutokwa na mate, huyumba, mboni za macho hupanuka, huweza kupofuka na hata kuzimia, na ivamektini haina dawa mahususi ya kuiondoa sumu yake.

Hapa Goma kuna mtego mwingine. Chupa yenye lebo ya Kifaransa huandika 0,2 kwa mkato, na iliyotoka Uganda au Kenya huandika 0.2 kwa nukta. Mkato uliofifia kwenye karatasi iliyolowa hugeuza 0,2 kuwa 02, na kosa ni lile lile la mara kumi.

Sina mizani. Nitajuaje uzito?

Kukadiria kwa macho hakutoshi. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 10,840. Ng'ombe mwenye kifua cha 150 na urefu wa 120 atakaribia kilo 249.

Na dawa ya kupe ya kupulizia?

Amitrazi ya 12.5% huchanganywa mililita 2 katika kila lita ya maji, kwa hiyo pampu ya mgongoni ya lita 15 inahitaji mililita 30. Msipime kwa vizibo vya soda, maana vizibo havilingani. Dawa iliyopunguzwa sana nayo ina madhara, kwa sababu huwabakiza hai kupe sugu ambao ndio watakaozaliana.

Mbwa amekula sumu ya panya. Hesabu itasaidia?

Itamsaidia sana daktari wa mifugo, lakini inakwenda kinyume: unaanza na alichokula. Chambo cha brodifakumu cha 0.005% kina miligramu 0.05 katika gramu moja. Mbwa wa kilo 10 aliyekula gramu 25 amemeza miligramu 1.25, yaani 0.125 kwa kila kilo. Mpeleke siku hiyo hiyo pamoja na pakiti, hata kama anarukaruka, kwa sababu kuvuja damu huanza baada ya siku kadhaa, na vitamini K1, ambayo ndiyo dawa ya sumu hiyo, hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Nikipiga hesabu sawa, maziwa ni salama?

Hapana, hilo ni jambo jingine. Ivamektini hushikamana na mafuta, huingia katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Katika jibini, ikiwemo ile ya Masisi tunayoipenda, hujikusanya zaidi. Ndiyo maana lebo za ivamektini ya sindano kwa kawaida hukataza kumdunga ng'ombe anayekamuliwa kwa ajili ya watu. Kwa nyama, soma siku zilizoandikwa mbele ya maneno "délai d'attente" (muda wa kusubiri kabla ya kuchinja), kisha zihesabu kuanzia siku ya sindano ya mwisho.