Tilapia wa jinsia moja: maana yake nini na kwa nini mfugaji mdogo anaambiwa afuge madume tu

Ukianza kuulizia vifaranga vya tilapia kuna swali utarudishiwa fasta, unataka jinsia moja au mchanganyiko? Jinsia moja kwa lugha ya wafugaji ni kundi la vifaranga ambao wote, au tuseme karibu wote, ni madume. Maana yenyewe ni fupi hivyo, ila ukiishia hapo hutaelewa kwa nini mtu alipie zaidi kwa ajili ya madume, au kwa nini jirani yake mwenye bwawa la ukubwa uleule na chakula kilekile anavua samaki wa kiganja wakati yeye anavua wa kujaza sahani.

Iko hivi. Kwa samaki wengi wa kufuga kazi ni kuwafanya wazae, mfano kambale, huyo bwawani hazai kirahisi mpaka achomwe sindano ya homoni. Tilapia ni kinyume kabisa, yaani shida yake ni kuzaa sana tena mapema. Akiwa kwenye mazingira mazuri na anakua vizuri anaweza kuchelewa kukomaa mpaka afike gramu 150 au 200, lakini kwenye vibwawa vidogo, chakula cha shida na samaki wamebanana, anaanza kuzaa akiwa na gramu 20 au 30 tu, miezi miwili mitatu hivi. Jike anataga, dume anarutubisha, halafu jike anayabeba mayai yote mdomoni na kuyaatamia humohumo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitoka bado anawalinda, wakishtuka wanarudi mdomoni. Ndo maana wanapona wengi. Jike wa gramu 100 anataga mayai kama 100, wa nusu kilo na kuendelea anaweza kukaribia au kuvuka 1,000, na maji yakiwa ya joto anarudia tena baada ya wiki chache.

Sasa hesabu mwenyewe kinachotokea. Jike akiwa na mayai mdomoni hali, kwa hiyo hakui, akimaliza anakula kidogo anarudi kuzaa tena, nguvu zake zote zinaishia huko. Dume naye badala ya kula anachimba kiota na kufukuza wenzake. Wale watoto wanaanza kugombania chakula na samaki uliowapanda, oksijeni inapungua, wote wanadumaa, na watoto wenyewe wakiwa bado wadogo wanaanza kuzaa. Ukija kukausha bwawa uzito wa jumla unaweza usiwe mbaya, ila ni visamaki ndoo kwa ndoo ambavyo mnunuzi anavipita. Hili sio jambo la jana. Tilapia wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, alionekana kisiwa cha Java, Indonesia, mwaka 1939, mbali kabisa na kwao Afrika, akasambazwa Asia na visiwa vya Pasifiki kama samaki wa kulisha watu wa kipato cha chini, na sehemu nyingi mabwawa yakajaa samaki waliodumaa mpaka watu wakamchoka. Wengi siku hizi wanafuga tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, ambaye ana nafuu na anakua haraka zaidi, ila tabia ya kuzaa hovyo anayo.

Kwa hiyo ukiweka madume tu umeua ndege wawili, hakuna kuzaliana, na pia dume wa tilapia kwa asili anakua haraka kuliko jike, tofauti inaweza kukaribia maradufu.

Namna ya kuwapata hao madume ndo kuna maneno mengi. Ya zamani na rahisi kuliko zote ni kuchagua kwa mkono. Unawakuza vifaranga mpaka gramu 25 au 30, unamgeuza mmojammoja tumbo juu unaangalia ile sehemu nyuma ya tumbo, dume ana matundu mawili, la haja kubwa na lile la mkojo na mbegu kwa pamoja, jike ana matatu. Kwa samaki mdogo huwezi kuona vizuri kwa hiyo wengine wanapaka rangi kidogo, wino au dawa ya bluu, ili matundu yajitokeze. Haihitaji mashine wala dawa ya gharama, inahitaji macho na subira, na mchovu anakosea. Ubaya wake mkubwa ni kwamba nusu ya samaki uliowalisha mpaka hapo ni majike, unawatoa. Lakini kwa mtu mwenye kibwawa kimoja cha familia mimi naona bado ndo njia ya maana, majike wanaliwa nyumbani, hakuna kilichopotea sana.

Njia ya pili ni kuchanganya jamii mbili za tilapia ili watoto watoke madume. Hii ilianza kujulikana mwaka 1960 pale mtafiti wa samaki Hickling alipoandika kuhusu kazi yake Malacca, Malaysia ya leo, alichukua jike wa tilapia wa Java, yaani yule wa Msumbiji aliyeonekana kule, na dume aliyetokana na mbegu ya Zanzibar, watoto wakatoka madume. Huyo wa Zanzibar baadaye alikuja kutambuliwa kuwa ni tilapia wa mto Wami, Tanzania. Shida ni kuwatunza wazazi wasichanganyike, akiingia mmoja tu ambaye sio, kizazi kinachofuata majike wanarudi.

Ya tatu ndo inayotumika sana kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga, na ndo inayoogopesha watu: homoni. Kifaranga akiwa mdogo kabisa viungo vyake vya uzazi bado havijaamua viende wapi. Akianza tu kula analishwa chakula chenye methili-testosteroni, homoni ya kiume, kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, siku 21 hadi 28, na hata yule aliyekuwa awe jike anakua na mwili wa dume. Baada ya hapo homoni inasimamishwa moja kwa moja. Swali la mlaji ni je, nakula homoni? Yule kifaranga alipokula ile dawa alikuwa hafiki hata gramu moja, akiiacha inatoka mwilini ndani ya muda mfupi, halafu anafugwa miezi mitano, sita bila tone lingine ndo afike mezani. Mimi wasiwasi wangu hauko kwenye sahani, uko kwa anayechanganya, anayeshika unga ule mikono mitupu na kuvuta vumbi lake, na kwenye maji ya matangi yanayomwagwa mtoni. Hii kitu sio ya kujaribia jikoni. Na hata ukijaribu, vifaranga wakishapita umri au hawalingani umri hawageuki, unabaki na mchanganyiko uliougharamia.

Kuna ya nne pia, ya kutengeneza dume maalumu mwenye vinasaba vya YY, yaani vya jinsia ya kiume pande zote mbili, ambaye akizaa na jike wa kawaida watoto karibu wote wanatoka madume wenyewe bila kulishwa chochote. Watafiti wa Swansea kule Wales waliifanyia kazi na wenzao wa Ufilipino. Mfugaji mdogo hawezi kuitengeneza, ananunua tu matunda yake kama yapo.

Hapa niseme kitu, watu wanachanganya jinsia moja na mbegu bora. GIFT kwa mfano ni tilapia wa Nile aliyeboreshwa kwa kuchagua wazazi wanaokua haraka kizazi baada ya kizazi, kazi iliyoanzia Ufilipino mwaka 1988, hiyo ni habari ya ukuaji. Unaweza kuuziwa GIFT mchanganyiko na akakujazia bwawa vilevile.

Na ukiambiwa "dume asilimia 100" tabasamu tu. Kazi nzuri ya homoni inatoa 95 mpaka 99. Chukua 97, kwenye samaki 1,000 una majike 30, kila mmoja akitoa mayai 200 ni 6,000 kwa mzunguko mmoja. Wengi hawatapona, na bado uko mbali sana na hali ya mchanganyiko, ila usishangae kuona watoto. Wakati mwingine muuzaji hana hata kosa, bwawa halikukaushwa, kwenye vidimbwi vya tope walibaki wa zamani, au mdomo wa bomba la kuingizia maji hauna wavu na samaki wa mtoni wanajiingilia. Kausha mpaka udongo upasuke, mwaga chokaa kwenye sehemu zenye unyevu, funga wavu, ndo upande.

Kama jinsia moja haipatikani au bei hairuhusu, mchanganyiko sio mwisho wa dunia. Vuna mapema, mwezi wa nne au wa tano tangu upande, kabla watoto hawajawa wengi, ukubali samaki wa saizi ya kati. Au weka kambale wachache wa kula hao vifaranga, ila waingie baada ya tilapia kuwa wakubwa kuliko wao, la sivyo watakula mtaji. Wanaofuga kwenye vizimba vya kuelea ziwani wana bahati yao, mayai yanapita kwenye wavu kabla jike hajayaokota, kwa hiyo kuzaa kunajizuia kwenyewe, wao wanatafuta madume kwa ajili ya kasi ya kukua tu.

Kitu kimoja cha kuangalia siku ya kununua: umri, sio udogo. Kuna wanaokusanya samaki waliodumaa kwenye bwawa lililojaa na kuwauza kama vifaranga, ni wadogo kweli lakini ni wazee, wataanza kuzaa wiki chache tu baada ya kuingia kwako. Muulize muuzaji walianguliwa lini na akuoneshe wazazi, kisha geuza wachache tumbo juu. Ukikuta jike wa urefu wa kidole ana mayai mdomoni, beba ndoo yako tupu uondoke.