Hamira zinazoshikana: tunazisakaje jeni zake?

Chupa ya mnazi ikikaa, mashapo meupe hutua chini. Humo mna hamira, na mojawapo ni Saccharomyces cerevisiae, ile ile inayoumua mahamri. Vijana wa huku Malindi wanaosomea baiolojia huniuliza mbona hamira nyingine hutua kwa mabonge ilhali nyingine zinaelea tu. Ni jeni. Lakini kabla hujaanza kuzisaka, fahamu kwamba mabonge yanayofanana kwa macho yana asili mbili tofauti kabisa.

Kuna seli zilizokwisha kuachana zikakamatana tena. Protini za ukoo wa FLO huchomoza kwenye ukuta wa seli na kunasa sukari ya manosi iliyo kwenye ukuta wa jirani. Bila kalsiamu hazishiki. Halafu kuna seli ambazo hazijaachana kamwe: binti amechipua kwa mama, lakini ukuta unaowaunganisha haukukatwa.

Tia EDTA, ambayo hunyakua kalsiamu, kisha tikisa. Bonge la FLO husambaratika papo hapo na maji yaliyokuwa maangavu yanageuka meupe kama tui. Osha EDTA, rudisha kalsiamu, zitashikana upya. Bonge la mama na binti halitikisiki kwa dawa hiyo. Kwenye darubini utaliona bado ni kishada. Mimi sikubali mtu aanze kuchora ramani ya jeni, yaani kutafuta mahali ilipo kwenye kromosomu, kabla ya jaribio hili.

Sasa zalisha hamira inayoshikana na isiyoshikana, kisha uache chotara watoe spora, nne katika kila kifuko. Mbili zikishikana na mbili zisishikane, kifuko baada ya kifuko, unasaka jeni moja kuu. Kusanya wanaoshikana kundi lao, wasioshikana lao, usome DNA ya kila kundi. Sehemu kubwa ya kromosomu zote 16 itakuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu kutoka kwa wazazi. Pale ambapo kundi zima limeegemea kwa mzazi mmoja, jeni iko jirani.

Mtego ni huyo mzazi asiyeshikana. Wengi hutumia S288C, hamira ya maabara ambayo jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilikamilika kusomwa mwaka 1996. FLO1, mojawapo ya jeni za protini zinazoshika, anayo, ila FLO8, jeni inayoziamsha FLO nyingine, imeharibika kwa herufi moja tu ya DNA. Basi ramani yaweza kukupeleka kromosomu ya 5, iliko FLO8, wala si kwenye protini inayoshika. Hata AMN1 yake, jeni inayohusika na kuachana kwa mama na binti, kwenye kromosomu ya 2, imebadilika, na ndiyo maana mabinti zake huachana na mama upesi.

FLO1 yenyewe ni sumbufu. Iko karibu na ncha ya kromosomu ya 1, na katikati yake mna vipande vinavyojirudia. Vikizidi, seli hushikana zaidi. Usomaji wa DNA wa vipande vifupi hauwezi kuvihesabu. Ramani ikiniangukia kwenye ncha hiyo, sampuli naipeleka kwenye mashine inayosoma vipande virefu.